Uchambuzi wa kisa: "Haikuonekana" mara tatu. Bayopsi ya damu kwa binti wa miaka 17 mwenye osteosarkoma

Usuli

Mgonjwa ni binti wa miaka 17, mwanafunzi wa kidato cha tatu, kutoka kijiji kimoja cha mkoa wa Dodoma. Jina, kijiji, tarehe na hospitali vimeondolewa.

Alianza kuumwa juu ya goti la kushoto, maumivu ya usiku zaidi kuliko ya mchana. Hakuwa ameanguka. Zahanati walimpa dawa za maumivu mara mbili. Baadaye akapelekwa kwa mganga wa mifupa, akakandwa na kupakwa dawa kwa karibu miezi miwili huku uvimbe ukikua. Eksirei ya kwanza ilipigwa mwezi wa tano tangu maumivu yaanze. Ilionyesha mfupa wa paja, sehemu ya chini karibu na goti, umeliwa na kuota kwa pamoja, miale kama ya jua linalochomoza, na utando wa mfupa umeinuliwa pembeni ukafanya pembetatu ya Codman. Kwa umri huo na mahali hapo, osteosarkoma, yaani saratani ya mfupa, ndiyo ya kwanza kufikiriwa.

Hospitali ya rufaa aliyopelekwa ilikuwa kwenye mradi wa pamoja na maabara ya nje ya nchi wa kupima DNA ya uvimbe ndani ya damu, yaani bayopsi ya damu. Vibali vya maadili vilikuwepo, na mkataba wa kuhamisha sampuli pia. Mgonjwa alikuwa chini ya miaka 18, kwa hiyo mama alisaini na binti mwenyewe akaridhia.

Tuseme kwanza kipimo chenyewe kinatafuta nini, maana makosa mengi ya kisa hiki yalianzia hapo. Seli zinapokufa humwaga vipande vya DNA kwenye damu. Vingi vina urefu wa jozi za besi 166 hivi, na havidumu: nusu yake husafishwa ndani ya saa mbili au chini yake. Kwa mtu mwenye saratani, sehemu ya vipande hivyo hutoka kwenye uvimbe. Kazi ni kuvitofautisha na vya kawaida.

Kwa sarkoma ya Ewing, saratani nyingine ya mifupa ya vijana, njia iko wazi kidogo, kwa sababu takriban 85% ya wagonjwa wana muunganiko wa jeni za EWSR1 na FLI1, alama ambayo seli za kawaida hazina. Rabdomiosarkoma (saratani ya misuli) ya aina ya alveola nayo mara nyingi huwa na muunganiko wa PAX3 au PAX7 na FOXO1. Osteosarkoma haina alama moja ya namna hiyo. Jenomu yake imevurugika: vipande vya kromosomu vimezidi hapa na kupotea pale, jeni za kuzuia saratani, TP53 na RB1, zimeharibika kwa namna tofauti kwa kila mgonjwa. Ndiyo maana maabara ilitumia njia ya kusoma jenomu nzima kijuujuu, wastani wa mara 0.1 tu kwa kila sehemu, kisha programu ya ichorCNA ikakadiria mgawo wa DNA ya uvimbe kutokana na wingi wa nakala. Ni kama kusimama juu ya kilima na kukitazama kijiji: huoni mlango wa mtu, lakini unaona mtaa gani umejaa na upi umehamwa. Gharama yake ni nafuu. Kasoro yake ni kwamba mgawo ukiwa chini ya 3% hivi, kipimo hakioni kitu.

Hiyo 3% iliandikwa kwenye maelezo ya mradi, ukurasa wa nne. Kwenye fomu ya majibu haikuwepo.

Yaliyotokea

*Sampuli ya kwanza.* Ijumaa saa nane na dakika kumi mchana, mwezi wa joto kabla ya mvua. Muuguzi alichukua damu ya vipimo vya kawaida, na kwa kuwa tyubu maalumu za kuhifadhi DNA zilikuwa zimefungiwa kabatini na mwenye ufunguo ameondoka, akajaza tyubu mbili za zambarau (EDTA) za mililita 4. Mshipa ulisumbua, sindano ikawa nyembamba, na damu ikavutwa kwa nguvu. Tyubu zilikaa kwenye trei ya maabara yenye feni tu, joto karibu nyuzi 30. Zilizungushwa kwenye sentrifuji Jumamosi saa tatu na nusu asubuhi, zaidi ya saa 19 baadaye. Plazma ilitoka nyekundu. Mtaalamu wa maabara aliandika pembeni mwa daftari kwa kalamu ya bluu "rangi ya rozela", akaigandisha, na sampuli ikasafiri hivyohivyo.

Damu ya mchana uleule ilipimwa LDH na ALP, vimeng'enya ambavyo mara nyingi hupanda kwenye ugonjwa huu. LDH ilikuwa 612, ALP 1,140.

*Kinyama.* Jumanne iliyofuata kinyama, yaani vipande vya uvimbe vya kupimwa, kilichukuliwa kwa sindano nene ya mfupa, tundu likiwekwa kwenye mstari ambao upasuaji wa baadaye ungepita. Hilo lilifanyika vizuri. Vipande vinne vilitumbukizwa vyote kwenye kopo moja la formalini, na maabara ya patholojia ikavilainisha vyote kwa asidi ya nitriki ili viweze kukatwa. Jibu lilirudi siku ya 24: osteosarkoma ya daraja la juu.

*CT ya kifua* ilionyesha kinundu kimoja cha milimita 4 kwenye pafu la kulia chini, na tezi ya zamani yenye chokaa. Hana kikohozi, GeneXpert ya makohozi haikuona kifua kikuu. Daktari wa radiolojia aliandika: "kovu la zamani au kusambaa, irudiwe."

*Sampuli ya pili* ilichukuliwa siku 12 baada ya ile ya kwanza, kabla ya dawa yoyote ya saratani, safari hii kwenye tyubu mbili za kuhifadhi DNA za mililita 10. Mililita 20 kwa binti wa kilo 43 ni chini ya 1% ya damu yake, haina shida. LDH ilirudiwa siku hiyo: 348.

*Tibakemia* ilianza jibu la kinyama lilipotoka: doksorubisini miligramu 75 na sisplatini miligramu 100 kwa kila mita ya mraba ya mwili, kila siku 21. Kwa mita za mraba 1.38 hiyo ni miligramu 103 na 138. Methotreksati ya dozi kubwa haikutumika kwa kuwa hakukuwa na kipimo cha kiwango cha dawa kwenye damu chenye majibu ya siku hiyohiyo, na bila hicho dozi ile ni hatari kuliko ugonjwa.

Majibu ya sampuli mbili za kwanza yalifika pamoja, wiki ya tano. Ya kwanza: haikuonekana. Ya pili: mgawo wa uvimbe 11%, nakala zimezidi kwenye mkono mrefu wa kromosomu ya 8. Siku 12 kati yake, bila dawa yoyote.

*Sampuli ya tatu* ilichukuliwa siku ya 42 tangu tibakemia ianze, kabla ya mzunguko wa tatu. CT ya kifua iliyorudiwa wiki iliyofuata ilikuta kinundu kilekile, milimita 4.

*Mguu.* Mshipa mkubwa nyuma ya goti ulikuwa umezungukwa na uvimbe. Kuokoa mguu kusingewezekana. Upasuaji ulipangwa siku ya 68. Hapo ndipo baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa familia, alipouliza kwenye kikao: "Dokta, majibu ya damu iliyokwenda Ulaya yakija safi, mguu unabaki?" Daktari alijibu kwamba damu na mguu ni mambo mawili. Baba mdogo akaomba wasubiri majibu hata hivyo. Ili pasiwe na pengo tupu, mzunguko wa nne ulitolewa siku ya 65.

Majibu ya sampuli ya tatu yalifika siku ya 75: haikuonekana. Muuguzi mmoja aliwapigia simu kwa nia njema akawaambia "damu imetoka vizuri". Familia ikarudi kijijini kutoa shukrani.

Ilichukua vikao viwili, na bibi mzaa mama kuja mjini, hadi binti mwenyewe aliposema anataka uvimbe utoke. Mguu ulikatwa siku ya 89, theluthi ya juu ya paja.

*Baada ya upasuaji.* Patholojia ya mguu: kingo safi, lakini seli za uvimbe zilizokufa ni 60% tu. Ili dawa ihesabiwe kuwa imefanya kazi vizuri, inatakiwa 90% au zaidi. Sampuli ya nne ilichukuliwa wiki ya nne baada ya upasuaji: haikuonekana. Mizunguko miwili ya dawa ilimaliziwa.

CT ya mwezi wa tatu haikupigwa. Kikao cha timu kiliamua kutumia eksirei ya kifua, ambayo ilikuwa safi, na kusogeza CT hadi mwezi wa sita. Familia ilisubiri kuuza alizeti, ikapigwa mwezi wa saba. Siku hiyohiyo ikachukuliwa sampuli ya tano.

Maamuzi na sababu zake

Baadhi ya maamuzi hayahitaji maneno mengi. Kutoa dawa mbili badala ya tatu kulikuwa sahihi kwa mazingira yaliyopo. Kutoanza dawa kabla ya kinyama, licha ya shinikizo, kulikuwa sahihi pia. Damu haiwezi kutoa jina la uvimbe peke yake, na wakati ule jenomu iliyovurugika ingeweza kuwa ya saratani nyingine.

Daktari mmoja alipendekeza mapema kabisa damu ipimwe muunganiko wa EWSR1 "ili kuondoa Ewing". Timu ilikataa, na sababu waliyotoa inafaa kurudiwa. Ewing ni nadra sana kwa watu wenye asili ya Afrika. Tena kipimo kilichokuwepo kilitengenezwa kwa ajili ya RNA ya kinyama, ambako viungio vya jeni viko mahali pachache panapojulikana. Kwenye DNA ya damu, mkatiko huwa ndani ya introni (sehemu za jeni zisizobeba maelekezo ya protini) na kila mgonjwa ana mahali pake. Ukitaka kuufuatilia lazima kwanza usome kinyama chake, ujue mkatiko uko wapi, kisha utengeneze praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia kipimo) za kwake yeye, zenye kuzalisha kipande kisichozidi besi 100, maana vipande vyenyewe ni vya 166. Kipimo cha RNA kikipewa plazma kitajibu "hakuna" kwa kila mtu.

Uamuzi wa kusogeza CT ulikuwa na sababu tatu kwenye muhtasari wa kikao: kinundu hakikukua kwa miezi, gharama kwa familia, na "bayopsi ya damu hasi mara mbili mfululizo". Sababu mbili za kwanza zinaeleweka. Ya tatu ndiyo iliyowapa ujasiri.

Matokeo

CT ya mwezi wa saba: kile kinundu cha milimita 4 sasa ni milimita 9, na pembeni yake kuna kingine cha milimita 6. Rufaa ya Dar es Salaam ya upasuaji wa kifua iliandikwa wiki hiyohiyo. Vinundu vyote viwili vilitolewa, vyote ni osteosarkoma.

Jibu la sampuli ya tano lilifika siku 38 baada ya kuchukuliwa, mgonjwa akiwa tayari amepasuliwa kifua: mgawo 4.2%, mkono mrefu wa kromosomu ya 8 umezidi, mchoro uleule wa sampuli ya pili. Lilithibitisha jambo ambalo CT ilikuwa imekwisha kuliamua.

Mwezi wa 14 tangu utambuzi, CT haikuwa na kitu kipya. Anatembea kwa magongo, mguu wa bandia umepimwa, na amerudi shule darasa moja nyuma.

Uchambuzi

*"Haikuonekana" ya kwanza: maabara*

Sampuli ya kwanza ilikuwa na nanogramu 62 za DNA kwa mililita ya plazma. Ya pili ilikuwa na 9.1. Mtu asiyezoea atafikiri ile yenye DNA nyingi ndiyo bora. Ni kinyume. Seli nyeupe zilizokaa saa 19 kwenye joto zilipasuka na kumwaga DNA yake nzima kwenye plazma, na kwenye mchoro wa urefu wa vipande karibu yote ilikuwa zaidi ya besi 1,000. Kilele cha 166 kilibaki kituta kidogo tu.

Hesabu ni rahisi. Sampuli ya pili: 11% ya 9.1 ni nanogramu 1 ya DNA ya uvimbe kwa mililita. Chukua nanogramu hiyohiyo moja, iweke ndani ya 62: inakuwa 1.6%. Kipimo kinaanza kuona kwenye 3%. Uvimbe haukupungua hata chembe, umezamishwa tu. Nani angelaumiwa kama sampuli ya pili isingechukuliwa, na jibu likaingia kwenye faili kwamba binti huyu ni wa wale ambao uvimbe wao haumwagi DNA? Watu hao wapo kweli: kwenye utafiti wa Marekani uliochapishwa 2018 kwa njia za aina hii, DNA ya uvimbe ilionekana kwa 57% ya wenye osteosarkoma na 53% ya wenye Ewing ambao ugonjwa wao haukuwa umesambaa. Karibu nusu hawakuonekana hata kwa sampuli nzuri. Ndiyo maana sampuli mbaya hujificha kirahisi miongoni mwao.

Rangi nyekundu ya plazma yenyewe haikuongeza DNA, maana chembe nyekundu hazina kiini. Ila ni shahidi: mkono uliozipasua nyekundu umezipasua na nyeupe. Na chembe nyekundu zimejaa LDH. Ile 612 ya Ijumaa, ambayo ilikuwa imekwisha kuandikwa kwenye muhtasari wa rufaa kama dalili ya ugonjwa mkubwa, ilishuka hadi 348 kwa damu iliyochukuliwa kwa utulivu. ALP haikuathirika, nayo ilikuwa na uzito wake: kwa kijana anayerefuka ALP kubwa huweza kuwa ya ukuaji tu, lakini msichana wa miaka 17 kwa kawaida amekwisha kumaliza kurefuka.

Utaratibu uliorekebishwa baadaye ni huu. Tyubu ya EDTA inakubalika ikiwa tu sentrifuji iko tayari na plazma itatenganishwa ndani ya saa 2, ikishindikana kabisa 4. Vinginevyo ni tyubu ya kuhifadhi DNA, inayostahimili hadi siku 14 kati ya nyuzi 6 na 37. Ijazwe hadi alama, kwa sababu dawa iliyomo imepimwa kwa mililita 10, kisha ipinduliwe taratibu mara 8 hadi 10 bila kutikiswa. Isiwekwe kwenye barafu wala friji. Hili wauguzi hulikosea kwa sababu wamefundishwa kila damu ya maana hukaa kwenye baridi. Isiwekwe pia kwenye buti la basi mchana wa Oktoba, huko nyuzi 37 hupitwa bila mtu kujua. Damu isivutwe kwenye mrija wa mshipani uliosafishwa kwa heparini, kwani heparini huziba PCR, njia ya kurudufisha DNA. Na isitumike seramu: damu ikiganda, seli nyeupe humwaga DNA yao, tunarudi palepale.

Sentrifuji ni mara mbili. Mzunguko wa kwanza 1,600 g kwa dakika 10, breki ya mashine ikiwa imezimwa ili tabaka la seli nyeupe lisitibuke. Plazma inyonywe kwa pipeti ukiacha kama milimita 5 juu ya tabaka hilo, hata kama inauma kuiacha. Ya pili 16,000 g kwa dakika 10 kwenye tyubu ndogo, kisha igawanywe mililita moja moja na kuwekwa kwenye friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Tahadhari kuhusu "g": mashine nyingi huonyesha mizunguko kwa dakika. Karatasi ya zamani ya maabara hiyo iliandika "3,000", na kwa mashine yenye nusu kipenyo cha sentimita 15 hiyo ni kama 1,500 g, inakaribia. Kwa mashine ndogo ya sentimita 10 ni 1,000 tu. Sasa kila mashine imebandikwa namba yake: ile kubwa ni 3,090.

*Kinyama kilichoungua*

Hili halikuonekana hadi maabara ya nje ilipoomba DNA ya uvimbe ili kulinganisha. Bloku zote nne zilikuwa zimepita kwenye asidi ya nitriki. Chini ya hadubini zilisomeka vizuri. DNA yake ilikuwa vumbi. Bila kinyama cha kulinganisha, njia zinazoona chini ya 3%, yaani za kufuatilia mabadiliko mahususi ya mgonjwa huyu, hazikuwezekana. Kwa maneno mengine, asidi ndiyo iliyoifunga timu kwenye kipimo chenye macho hafifu kwa mwaka mzima.

Dawa yake haina gharama: kabla ya kulainisha mfupa, tenga kipande laini kabisa, kile ambacho wembe unakipita, kwenye kaseti yake kisiguswe na asidi. Kama vyote ni vigumu, kimoja kilainishwe kwa EDTA, taratibu, hata ikichukua siku kadhaa. Fomu ya patholojia ndiyo mahali pa kuandika hilo, na anayeandika ni daktari aliyechukua kinyama. Mtu wa patholojia hawezi kuotea.

*"Haikuonekana" ya pili: familia*

Swali la baba mdogo lilikuwa la akili. Familia iliambiwa damu inakwenda nje kwa kipimo cha kisasa. Kipimo cha kisasa lazima kiamue kitu kikubwa, na kitu kikubwa kilichokuwa mezani ni mguu. Maelezo ya ridhaa yalieleza DNA kwa aya nne, hayakuwa na sentensi moja ya jambo ambalo kipimo hakitaamua. Kisha ikaja simu ya "imetoka vizuri".

Kwa kipimo, kutoka 11% hadi chini ya 3% baada ya mizunguko miwili kunaweza kuwa na maana nyingi. Dawa huua kwanza seli zinazogawanyika haraka, ndizo zinazomwaga DNA nyingi. Mfupa uliobaki ulikuwa na 40% ya seli hai. Upasuaji ulichelewa wiki tatu kwa sababu ya neno lililotafsiriwa kutoka Kiingereza bila kikomo chake cha 3% kando.

Sentensi iliyoongezwa kwenye ridhaa, na ambayo muuguzi huisoma kwa sauti mbele ya mama na mzungumzaji wa familia: "Damu hii haitaamua kama mguu unabaki au unatoka. Hilo huamuliwa na picha na mpasuaji." Majibu sasa hayatolewi kwa simu.

*"Haikuonekana" ya tatu: timu*

Hili ndilo kosa zito zaidi, na waliolifanya ni wale wale waliokuwa wamemwelewesha baba mdogo wiki chache kabla. Baada ya upasuaji, uvimbe mkubwa umeondoka. Kama kilichobaki ni kinundu cha milimita 4, DNA yake kwenye damu ni kidogo mno. Kipimo cha 3% hakikuwa na uwezo wa kujibu swali lililoulizwa. Kingekuwa hasi kinundu kikiwa kovu la kifua kikuu, na kingekuwa hasi kikiwa saratani. Jibu ambalo lingekuwa lilelile kwa hali zote mbili halikustahili kuwa sababu kwenye muhtasari.

Upande wa pili wa mizani ulikuwa umejaa: seli zilizokufa 60% tu, nakala zilizozidi kwenye 8q (ule mkono mrefu wa kromosomu ya 8) ambazo kwenye ule utafiti wa 2018 ziliambatana na matokeo mabaya, kinundu kisicho na maelezo, na ugonjwa ambao ukisambaa hupenda mapafu kuliko mahali pengine popote. Eksirei ya kifua haikuwa mbadala. Vinundu vya chini ya sentimita moja huipita.

Kutokukua kwa kinundu kati ya CT mbili nako kulisomwa vibaya. CT ya pili ilipigwa katikati ya tibakemia, wakati dawa inakishikilia. Kovu la kweli lingebaki vilevile hata baada ya dawa kukoma, na hilo ndilo CT ya mwezi wa tatu ingeonyesha.

Kuhusu muda wa majibu: siku 33 hadi 38 kwa kipimo kinachosafirishwa kwa mafungu na barafu kavu hadi Dar es Salaam na kuvuka bahari. Kwa kasi hiyo, bayopsi ya damu kwa mgonjwa wa Dodoma leo ni chombo cha kujifunzia. Haijawa kengele. Sampuli ya nne ilichukuliwa kwa wakati mzuri kiufundi, wiki nne baada ya kisu, DNA ya kidonda ikiwa imetulia. Ya tano ilichukuliwa na kutunzwa vizuri kabisa. Ubora huo wote haukuharakisha matibabu kwa siku moja. Mpango uliopo sasa ni kutoa sampuli moja siku ileile ya kila CT, ili baadaye ijulikane ipi ilitangulia kuona, bila mojawapo kuisogeza nyingine.

Fomu ya majibu imebadilishwa. Pale palipokuwa na neno "haikuonekana" sasa pamechapwa: "Chini ya 3%. Kipimo hiki hakiwezi kusema uvimbe upo au haupo. CT ibaki kwenye tarehe yake." Chini yake kuna nafasi ya kuandika tarehe hiyo, na maabara haitoi fomu ikiwa nafasi iko wazi.